UZI: Nchi ikishavunjika, unaanza kujenga ofisi gani? Somalia, Kenya, na sisi wa Mombasa

MhasibuMstaafu

Asalaam aleikum, na hamjambo wote mliomo humu.

Juzi barazani Makadara kulizuka ubishi kuhusu majirani zetu wa kaskazini, ukapita saa nne usiku bila kupata mwisho, nami nauleta huku. Mmoja wetu alisema Somalia sasa imesimama: Desemba 2023 ilifutiwa deni la dola bilioni 4.5, mwezi huohuo Umoja wa Mataifa ukaiondolea serikali vikwazo vya silaha, na Machi 2024 ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwenzake akamjibu, "Yote hayo amepewa na watu wa nje. Nitajie kitu kimoja ambacho mtu wa Mogadishu anakipata kwa serikali yake bila kumjua mtu." Tukaanza kurushiana maneno hapo.

Mimi nimekula umri wangu kwenye vocha na leja za ofisi za umma, sasa nimestaafu, na nina jibu langu. Nchi dhaifu haikosi ofisi. Ofisi zimejaa, zina vibao, zina mihuri, zina wakubwa wenye madereva. Kinachokosekana ni karani anayeweza kumwambia mkubwa wake "hii hailipiki", kesho akaja kazini akaikuta meza yake palepale, na mwisho wa mwezi mshahara ukaingia kama kawaida.

Nitoe mfano wa ofisi ambayo sitaitaja. Kulikuwa na mama mmoja, karani wa masijala, mwenye daftari ambalo watu wengi walilitaka. Siku moja akaletewa kikaratasi: jina fulani liingizwe, tarehe irudishwe nyuma miezi kadhaa, "mkubwa anajua." Mama akakisoma, akakigeuza nyuma kutafuta saini, hakuna. Akachukua kalamu nyekundu akaandika pembeni: *Naomba agizo hili kwa barua yenye saini na muhuri.* Akakirudisha kwa aliyekileta.

Kikaratasi hakikurudi. Wiki chache baadaye ikaja barua, na hiyo kweli ilikuwa na saini na muhuri. Mama amehamishwa bara, aripoti Jumatatu. Aliyeletwa mahali pake alikuwa kijana msikivu sana.

Angalieni vizuri. Hakuna sheria iliyovunjwa. Mwajiri ana haki ya kumhamisha mfanyakazi. Hakuna aliyetishwa wala aliyepigwa. Ila tangu siku ile kila mtu kwenye jengo lile alijua kikaratasi kisicho na saini kinafanyiwa nini.

Naendelea baadaye, kuna umeme unaochezacheza huku kwetu.

KijanaWaTudor

Mzee umeongea. Lakini kumchanganya Kenya na Somalia ni kutuonea bana. Sisi tuna katiba, tuna mahakama. Wenzetu hata uchaguzi wa mtu mmoja kura moja wa nchi nzima mara ya mwisho ilikuwa 1969.

BintiBondeni

Shikamoo mzee wangu. Huyo mama simjui ila nimeshafanya kazi na dada zake, kila jengo lina wake.

KijanaWaTudor, mdogo wangu, hiyo mahakama unayojivunia hatukuzaliwa nayo. Mimi ni karani wa wakili, asubuhi zangu zinaishia kwenye kaunta za korti, kwa hiyo nitasema la mahakama tu, mengine nawaachia wenyewe.

Desemba 2007 matokeo ya urais yalipotangazwa, upinzani ulikataa kwenda kortini. Walisema wazi hawana imani nayo. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, marehemu Samuel Kivuitu, naye akawaambia waandishi kwamba hajui kama Kibaki alishinda. Tume haijui, korti haiaminiki. Ubishi ukapelekwa barabarani, zaidi ya watu 1,100 wakafa, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Hapa Pwani tuliokuwa wakubwa tunakumbuka maduka yaliyofungwa na unga uliopotea.

Miaka kumi baadaye, 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ikafuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani, majaji wanne kwa wawili. Watu wakisimulia hutaja ushujaa wa Jaji Mkuu Maraga, na sawa, ushujaa ulikuwepo. Mimi hukumbuka yaliyotangulia, ambayo hayana mvuto hata kidogo. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoiunda mahakama ile. Majaji waliokuwepo kwenye korti nyingine wakapigwa msasa mmoja mmoja na wengine wakatemwa. Nafasi zikatangazwa, waombaji wakahojiwa hadharani, televisheni ikionyesha mtu mzima akitokwa na jasho kwa sababu ya hukumu aliyoiandika zamani. Na muhimu zaidi kwangu: Katiba inaipa Mahakama ya Juu siku 14 kuamua kesi ya urais. Kila mtu nchini anajua ubishi utakwisha lini. Mtu anayejua siku ya jibu hana haraka ya kushika panga.

Halafu msisahau 2013. Raila alikwenda mahakama hiyohiyo akashindwa, akasema hakubaliani na uamuzi lakini atauheshimu. 2017 akashinda. 2022 akashindwa tena. Imani ilijengeka kwa kwenda na kurudi, na kwa aliyeshindwa kuwa na sababu ya kurudi.

Na kwa sisi wa Mombasa: Novemba 2020 Mahakama Kuu hapahapa mjini ilitangaza kuwa agizo la kulazimisha makontena kupakiwa kwenye reli ya SGR ni kinyume cha Katiba. Iwe mtu alifurahi au alikasirika, serikali nzima iliambiwa "hapana" na majaji ambao jioni walirudi nyumbani salama.

KijanaWaTudor

Sasa dada si unathibitisha nilichosema? Tuna mahakama.

MhasibuMstaafu

Umeme umerudi.

BintiBondeni ametoa nusu tamu. Na mimi nitoe nusu chungu. Baada ya uamuzi wa 2017 hakuna aliyeivunja Mahakama. Ingekuwa aibu. Ila mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majaji 41 wapya, majina yakapelekwa Ikulu, yakakaa. Yakakaa hadi Juni 2021 ndipo 34 wakateuliwa na sita wakaachwa nje (mmoja alikuwa ameshafariki), hadi rais mwingine alipokuja kuwaapisha Septemba 2022. Katikati hapo kesi zilikuwa zinarundikana, mtu wa Changamwe anapewa tarehe ya mwaka ujao.

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye. Katiba imemkinga vizuri sana: muhula mmoja wa miaka minane, haurudiwi, hafukuziki kwa simu. Ukishampa mtu kinga kama hiyo, unamwezaje? Unasubiri muda wake uishe. Edward Ouko alimaliza Agosti 2019. Aliyemfuata, Nancy Gathungu, aliapishwa Julai 2020. Karibu mwaka mzima ofisi inayokagua pesa za nchi haikuwa na mwenyewe, na mwaka wenyewe ulikuwa wa korona, pesa zinatoka kwa dharura.

Kwa hiyo ninaposema nchi dhaifu sitaji jirani peke yake. Zipo njia za kuizima taasisi bila kugusa sheria iliyoiunda. Unamhamisha mtu wake, unachelewesha pesa zake, au unaacha kiti chake kitupu. Ukitaka kujua taasisi ina nguvu kiasi gani, usisome kifungu kinachoianzisha, tafuta aliyekalia kiti na pesa za robo mwaka zimefika lini.

MtuWaGongoni

Kiti kitupu? Njooni Magarini tuwaeleze.

Uchaguzi wa mbunge wetu ulifutwa kortini, na Mahakama ya Juu ikathibitisha 2024. Sawa, korti imeamua, tukapige kura tena. Nani asimamie? IEBC, tume ya uchaguzi, ilikuwa haina makamishna tangu Januari 2023. Hakuna kamishna, hakuna uchaguzi mdogo. Makamishna wakaapishwa Julai 2025, sisi tukapiga kura 27 Novemba 2025. Jimbo la Banissa wao walikaa zaidi yetu, mbunge wao alifariki Machi 2023.

Sasa nawauliza mliosoma: hapo nani alivunja sheria?

BintiBondeni

Kaka, hilo ndilo linaloniumiza. Korti ilifanya kazi yake. Kila hatua ina maelezo, na kila mwenye maelezo ana barua. Na watu wa Magarini muda wote huo hawakuwa na mbunge.

HamarweyneMvita

Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi ni mtoto wa Xamar, yaani Mogadishu, wazazi walifika hapa kwa boti baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991, tukaishi kambi ya Utange kabla ya kuingia mjini. Wa rika langu wanaikumbuka Utange. Naomba nisemee kwetu, maana naona mnapita juujuu.

Kiti kitupu mnachokilalamikia nyinyi kwetu ni jengo zima. Katiba ya muda ya Agosti 2012 ilisema kutakuwa na Mahakama ya Katiba. Februari 2021 muhula wa Rais Farmaajo ukaisha bila uchaguzi. Aprili bunge la chini likamwongezea miaka miwili. Halali au si halali? Katiba ilisema nenda Mahakama ya Katiba, na mahakama hiyo ilikuwa haijaundwa. Basi swali likajibiwa kwa njia nyingine: 25 Aprili vikosi vya jeshi moja vikafyatuliana risasi ndani ya Mogadishu, kila kikosi na mwanasiasa wake. Siku chache baadaye nyongeza ile ikafutwa. Shangazi yangu alihama nyumba usiku ule na godoro kichwani kwa sababu ya kipengele cha katiba kilichokosa mtu wa kukisoma.

Nyinyi 2017 mlikuwa na siku 14. Sisi hatukuwa na pa kuanzia kuzihesabu.

La pili ni gumu kulisema na naomba msinielewe vibaya. Al-Shabaab wameua ndugu zetu kule na hapa Kenya, sina la kuwasifu. Lakini mtu wa Mogadishu mwenye kesi ya kiwanja mara nyingi husafiri nje ya mji kwenda kwenye mahakama zao, hata anayewachukia. Kwa nini? Kesi inaisha haraka, hakimu hahongwi na tajiri, na hukumu ikitoka inatekelezwa kwa sababu ya hofu. Kodi pia. Dereva wa lori akilipa kizuizi chao anapewa risiti, na kizuizi kinachofuata akiionyesha anapita. Kwenye vizuizi vya askari na wanamgambo wengine analipa kila kituo, bila karatasi.

Serikali ikitaka kumshinda adui wa aina hii haitoshi kuwa na ndege na droni. Itoe risiti inayoheshimiwa na kizuizi kinachofuata.

KijanaWaTudor

Hii ya risiti imenimaliza.

MzeeWaKahawa

Vijana na wazee wenzangu mnazunguka mbuyu. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Nchi iliyovunjika haitaki tume, wala mkaguzi, wala siku 14. Inataka mkono mmoja wa chuma miaka ishirini, watu wanyooke, halafu hayo mengine yatakuja. Tazameni Kigali ilivyo safi. Demokrasia ni chakula cha walioshiba.

MhasibuMstaafu

MzeeWaKahawa, ndugu yangu, hoja yako ni nzito na siipuuzi. Lakini tukiendelea na chombo chako: Somalia walishapata nahodha mmoja. Siad Barre alitawala tangu Oktoba 1969 hadi Januari 1991, zaidi ya miaka ishirini unayoiomba, na mkono ulikuwa wa chuma kwelikweli. Yapo mazuri aliyofanya. Mwaka 1972 lugha ya Kisomali ilipata maandishi rasmi, watoto wa mjini wakapelekwa vijijini kufundisha watu kusoma. Lakini alipokimbia, ni ofisi gani iliyofunguliwa Jumatatu iliyofuata? Benki Kuu iliporwa. Sarafu ikaendelea kuzunguka bila mwenye kuichapa, wafanyabiashara wakachapa zao, hata Shirika la Fedha la Kimataifa likakadiria kuwa takribani asilimia 98 ya noti za shilingi ya Somalia ni bandia. Jeshi likagawanyika kwa koo kwa sababu lilikuwa limejengwa kwa koo, ile ya "wamoja" ilikuwa ya mabango.

Kigali sitaisema sana, haijapata bado mtihani wa kubadilisha nahodha.

MzeeWaKahawa

Na wewe niambie nchi iliyoanza na wakaguzi ikafika mbali. Moja.

MhasibuMstaafu

Hong Kong 1974. Polisi walikuwa wameoza hadi mgonjwa anampa mhudumu wa hospitali kitu kidogo ndipo aletewe maji. Wakaunda tume ya kupambana na rushwa, ICAC, nje ya polisi kabisa, ikiwa na bajeti yake na watu wake. Najua utasema ni mji mdogo na ilikuwa chini ya Mwingereza. Kweli. Ndiyo maana sikuupa uzito mwanzoni.

Georgia basi, ile nchi iliyokuwa ndani ya Usovieti, wakati huo haikuwa na mkoloni. 2004 serikali mpya ilifukuza askari wa trafiki wote kwa mkupuo, maelfu kwa maelfu, ikaajiri wapya kwa mshahara unaoeleweka. Barabara zilikaa bila trafiki kwa muda na dunia haikuanguka. (Matatu zetu zingefurahi.) Ila Georgia pia inafundisha upande wa pili: polisi wa barabarani walinyooka, mahakama zikabaki mkononi mwa wakubwa, na kilichobaki mkononi kikaja kutumika.

Liberia ndiyo iliyo karibu na swali letu. Vita vimeisha 2003, serikali ya mpito inafilisi kilichosalia. Wafadhili wakasema sawa, 2005 wakaja na mpango wa GEMAP: mtaalamu wa kigeni anakaa ndani ya Benki Kuu, bandari, ofisi ya misitu, na malipo makubwa hayatoki bila saini mbili, ya Mliberia na yake. Watu waliona ni ukoloni mamboleo, na mimi ningekuwa mhasibu pale ningeona vivyo hivyo. Lakini mapato yalipanda. Tatizo la saini ya mgeni ni kwamba siku moja mgeni anarudi kwao. Guatemala waliona hilo: tume ya CICIG ya Umoja wa Mataifa iliingia 2007, ikasaidia kumfikisha rais jela, na 2018 rais mwingine ambaye ndugu zake walikuwa wakichunguzwa akakataa kuiongezea muda. 2019 ikafunga virago, na baadhi ya waendesha mashtaka waliofanya nayo kazi wakaishia uhamishoni. Unaona, mama wa masijala yuko hata Guatemala.

HamarweyneMvita

Kwetu saini ya mgeni tunayo pia, ipo kamati ya fedha tangu 2014 wanakaa maofisa wa serikali na wa mashirika ya nje, mikataba mikubwa hupitia hapo. Imesaidia. Hata hivyo mimi nikiulizwa kilichobadilika kweli, sitataja kamati.

Nitataja mishahara ya askari. Zamani pesa zilipitia kwa kamanda. Kamanda anataja idadi ya watu wake, analetewa mfuko, anagawa kinachobaki. Askari hakuwa na serikali, alikuwa na kamanda. Desemba 2017 Marekani ilisimamisha msaada wa chakula na mafuta kwa sehemu kubwa ya jeshi kwa sababu haikujua vinakwenda wapi. Baadaye askari wakaandikishwa upya kwa alama za vidole na mshahara ukaanza kwenda kwenye akaunti ya askari mwenyewe. Makamanda wengine walipinga, na mnajua kwa nini.

Binamu yangu yumo. Ule mwezi wa kwanza ujumbe wa benki ulipoingia kwenye simu alienda benki kutoa zote, akidhani itakuwa ni mara moja tu. Mwezi wa pili akatoa nusu. Hilo la nusu ndilo lililonionyesha kitu. Mtu aliyeacha nusu anaamini kuna mwezi wa tatu.

BintiBondeni

Maashallah, hii andika pahali dadangu, au kakangu, sijui.

HamarweyneMvita

Dada 🙂

PwaniKwanza

Mmesahau Somaliland, ile iliyojitenga na Somalia. Wale walijijenga wenyewe bila wafadhili. Mkutano wa Borama 1993, wazee wa koo walikaa chini ya miti miezi, wakatoka na serikali yenye bunge la wazee, Guurti. 2003 rais alishinda kwa kura 80. Themanini! Mpinzani wake, Silanyo, akanung'unika, akaenda mahakamani, akakubali. 2010 akashinda yeye. Huku kwetu mtu akishindwa kwa kura 80 za MCA, mjumbe wa bunge la kaunti tu, tunachoma matairi.

HamarweyneMvita

Kaka, hadhi yao wanasiasa watabishana, sitaingia huko. Kazi ya wazee naiheshimu, hata kwetu kusini mambo mengi yangekwama bila wazee. Lakini maliza hadithi. Wale wazee wa Guurti hawajawahi kupigiwa kura na wananchi hadi leo, muda wao unaongezwa tu, na wengine wamerithiwa viti na watoto wao. Na ni haohao wenye mamlaka ya kumwongezea rais muda. Uchaguzi wa rais uliokuwa ufanyike 2022 ukafanyika Novemba 2024.

Rais aliyekuwepo akashindwa, akakabidhi. Hapo nawapa heko.

PwaniKwanza

Haya, nimekubali nusu. Ila bado ni bora kuliko kamati ya Nairobi. Serikali ya mpito ya 2004 si iliundwa Nairobi? Rais wa Somalia alichaguliwa akiwa Kenya, hotelini wajumbe wanakula. Ilirudi kwao ikafikia Jowhar na Baidoa, Mogadishu haikuingilika.

HamarweyneMvita

Hapo hatubishani.

MhasibuMstaafu

PwaniKwanza ameleta jambo ambalo nililikosa mwanzoni: nani amekaa kitako kukubaliana. Borama ilichukua miezi kwa sababu kila aliyekuwa na bunduki ilibidi aridhike kwamba akiiweka chini hataliwa. Taasisi ikiandikwa na wataalamu bila wenye bunduki inakuwa kitabu kizuri.

Lakini kuna hatari upande huo pia. Ukiwapa wenye bunduki kila mmoja ofisi yake ndipo watulie, umepata amani na umepoteza ofisi. Mgao wa 4.5 wa koo kule Somalia, koo nne kubwa sawa kwa sawa na nusu kwa wengine wote, ulizima moto kweli. Na ukafanya kila wizara iwe na wenyewe. Anayefukuzwa kwa wizi anakuwa ukoo uliofukuzwa. Sisi nasi tusicheke: hapa mtu akiulizwa pesa za zabuni ziko wapi, kesho yake wazee wa kabila lake wanaitisha mkutano na wanahabari.

Ushauri wangu kama ningeulizwa, na hakuna anayeniuliza mzee aliyestaafu, ni kuachana na tamaa ya kujenga kila kitu. Waacheni wagawane viti vya mawaziri wanavyotaka miaka ya mwanzo. Lakini vitu viwili au vitatu visiingie kwenye mgao hata kidogo: daftari la mishahara, akaunti moja ya mapato ambayo ushuru wote wa bandari unaingia, na korti moja yenye kazi ya kusema nani yuko sahihi siku muhula ukiisha. Wanaozisimamia wapewe muhula unaojulikana, wasihamishike, na pesa zao zitoke bila kuombwa. Na tarehe ya kumpata mrithi ianze kuhesabiwa kabla mwenye kiti hajaondoka. Hilo la mwisho ni dogo sana hadi kila katiba hulipitia mbio, halafu mnakaa Magarini bila mbunge.

MzeeWaKahawa

Na nani atamlinda huyo msimamizi siku mkubwa akimtaka aondoke? Karatasi?

MhasibuMstaafu

Swali hilo ndilo gumu kuliko yote na karatasi peke yake haitoshi, nakubaliana nawe.

Nilichokiona kazini ni hiki. Mkubwa hamwogopi karani, anaogopa kelele zitakazomfuata akimgusa. Karani ambaye kazi yake haionekani na mtu yeyote anahamishwa Ijumaa, Jumatatu hakuna aliyejua. Mkaguzi ambaye ripoti yake inasubiriwa na magazeti, na wafanyabiashara, na wafadhili, na wapinzani wa gavana, kumgusa kuna gharama. Kwa hiyo anayemlinda ni msomaji wake. Na hapo ndipo sisi watu wa kahawa tunaingia, maana tunalalamika sana na hatusomi hata ukurasa.

Katiba yetu, Kifungu cha 229, inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha kukagua na kutoa ripoti, ya taifa na ya kila kaunti. Kisha Bunge au bunge la kaunti lina miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Nani humu anajua kama bunge la kaunti yake limejadili ya mwaka uliopita?

KijanaWaTudor

Kimya 😂

MtuWaGongoni

Mzee ametushika pabaya.

KijanaWaTudor

Haya mzee wangu, nifundishe. Nikiipakua hiyo ripoti ya Mombasa, na nimesikia ina kurasa nyingi kama biblia, nianzie wapi? Mimi si mhasibu, nauza simu.

MhasibuMstaafu

Swali zuri mwanangu. Usianze ukurasa wa kwanza, utalala.

Tafuta kwanza maoni ya mkaguzi, yako mwanzoni. Yapo ya aina nne: hesabu ziko sawa; ziko sawa isipokuwa sehemu fulani; haziko sawa; au mkaguzi anasema hakupewa karatasi za kutosha hata atoe maoni. La mwisho ndilo baya kuliko yote. Hesabu mbaya angalau zipo, unaweza kuzibishania. Zisizopatikana hakuna wa kuzihoji.

Kisha nenda kwenye madeni yasiyolipwa. Hapo utaona wakandarasi na wauzaji waliofanya kazi na hawajalipwa. Wewe unauza simu, utajua maana ya kudaiwa na mkubwa. Linganisha na mwaka uliotangulia: deni limepungua au limehamishwa tu ukurasa? Angalia mapato ya kaunti yenyewe, maegesho, leseni, kodi za ardhi, yalikisiwa kiasi gani na yakaingia kiasi gani. Halafu kuna sehemu ya hoja za miaka iliyopita ambazo hazijashughulikiwa. Hiyo isome yote. Hoja ikijirudia miaka mitatu kwa maneno yaleyale, mkaguzi anaandika na hakuna anayemjibu.

Ripoti za Msimamizi wa Bajeti nazo zipo, kila robo mwaka. Bila kibali chake pesa hazitoki kwenye mfuko wa kaunti, kwa hiyo humo utaona nini kiliombwa na nini kilitumika, maendeleo upande huu na mishahara na safari upande ule.

Zote zipo kwenye tovuti za ofisi hizo, bure.

MzeeWaKahawa

Mimi bado sijaridhika. Mtasoma, mtapiga kelele, wao watazoea kelele.

BintiBondeni

Watazoea, mzee wangu. Na baadhi yetu tutapeleka kesi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kudai taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na sheria yake ipo tangu 2016. Barua moja tu, ofisi ina siku 21 kujibu. Wasipojibu kuna pa kulalamikia. Sampuli ya barua ninayo, anayeitaka aniandikie.

MtuWaGongoni

Naitaka. Nataka kuuliza kuhusu barabara moja huku kwetu.

KijanaWaTudor

Na mimi nitumie. Nimeshapakua ripoti, niko kwenye madeni yasiyolipwa, kuna jina la kampuni hapa linajirudia mara nyingi mno. Mzee, safu hii ya kulia ni ya mwaka huu au wa jana?

MhasibuMstaafu

Wa jana. Ya kushoto ndiyo ya mwaka huu. Na kabla hujaandika jina la kampuni yoyote humu, nipigie picha ukurasa wenyewe nione kama ni deni moja limegawanywa au ni madeni tofauti.